Maghorofa ya Miami na boti za usiku Kigoma

Kwenye vijiwe vya kahawa pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuna hoja inayorudi kila mazungumzo yanapogusa magendo ya ziwani, na safari hii nimeona isipite bila jibu. Hoja yenyewe ni hii: Miami ulikuwa mji wa wastaafu na watalii wanaokimbia baridi, ikaja kokeini, mji ukaota maghorofa, kwa hiyo pesa ni pesa, na hata ikiwa chafu, ikishaingia kwenye tofali imesafika. Wanaosema hivi si wahalifu. Ni wazee wetu, ni vijana wenye maduka, ni watu wanaoipenda Kigoma na waliochoka kusikia mkoa wao ukitajwa kila mara kati ya mikoa maskini. Wanachotaka kusema ni kwamba tusiwe wakali sana na boti zinazotia nanga gizani, wala tusimdadisi kijana aliyeondoka na begi la mgongoni akarudi anajenga ghorofa, maana mwisho wa yote mji utanufaika.

Naijibu kwa kuiheshimu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Miami iliingiza pesa nyingi sana za kokeini, na ilijengwa kwa kasi katika miaka hiyohiyo. Ninachopinga ni kamba iliyofungwa kati ya mambo hayo mawili, na zaidi ninapinga dhana kwamba yaliyotokea kwenye mji ule yanaweza kutokea kwetu. Kwetu yangetokea mengine kabisa.

Tuanze na mzigo ulivyofika. Kabla ya kokeini kulikuwa na bangi. Miaka ya 1970 meli na ndege ndogo kutoka Colombia zilileta marobota ya bangi hadi mwambao wa Florida, mwambao uliojaa ghuba, mifereji na visiwa vya mikoko. Kwa mtu wa magendo bangi ina usumbufu: ni nzito, inanuka, inajaza boti, na bei yake kwa kilo ni ndogo. Kokeini haina usumbufu huo. Njia zilikuwa zimeshachongwa, marubani walishapatikana, wapokeaji walikuwepo. Kilichobadilika ni bidhaa tu. Kuanzia 1978 Carlos Lehder, mmoja wa wakubwa wa Medellín, mtandao wa kokeini wa Colombia, alikitwaa kisiwa kidogo cha Norman's Cay huko Bahamas, akakifanya kituo cha ndege kutua, kujaza mafuta na kugawa mzigo kabla haujavuka kuingia Florida.

Damu ikafuata. Mchana wa tarehe 11 Julai 1979 wauaji waliingia duka la pombe kwenye jengo la maduka la Dadeland, wakawamiminia risasi bosi mmoja wa biashara hiyo na mlinzi wake, kisha wakatoka wakifyatua risasi hovyo kwenye maegesho. Gari waliloliacha lilikuwa limewekewa vyuma vya kuzuia risasi na kujazwa silaha. Mwaka 1980 wilaya ya Dade, yenye watu wapatao milioni 1.6, ilihesabu mauaji 573. Mwaka uliofuata yakafika 621. Mochwari ilifurika mpaka ikabidi likodiwe lori la jokofu la kuhifadhia maiti.

Si maiti zote zile zilikuwa za kokeini, na lazima tuwe wakweli kwa hilo. Mwaka huohuo wa 1980 Wacuba wapatao 125,000 waliingia Florida kwa boti kutoka bandari ya Mariel. Mwezi Mei zilizuka ghasia baada ya mahakama kuwaachia askari walioshtakiwa kwa kifo cha Arthur McDuffie, mwananchi mweusi aliyepigwa na polisi hadi kufa; watu 18 walipoteza maisha katika ghasia hizo. Mji ulikuwa umebeba mizigo mitatu kwa mpigo. Ila kokeini ndiyo iliyoleta bunduki za rashasha barabarani, na desturi ya kumuua mtu pamoja na aliokaa nao ili asibaki wa kutoa ushahidi.

Damu huonekana, na magazeti huiandika. Pesa haionekani kirahisi, na hapo ndipo nataka tukae kwa muda.

Mteja wa kokeini huko Chicago au New York alinunua gramu kwa noti za dola 20 au 100. Noti hizo zikakusanywa na kurudishwa Miami, kwa sababu ndiko mzigo ulikotoka. Noti moja ya dola ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo dola milioni moja za noti za 20 zina uzito wa kilo 50. Kwa bei za jumla za mwanzoni mwa miaka ya 1980, pesa ilikuwa nzito kuliko unga ulioizaa. Mfanyabiashara alifanikiwa kuficha kokeini kwenye boti, akashindwa kuzificha noti. Akazipeleka benki.

Matawi mengi ya Benki Kuu ya Marekani hutoa noti nyingi kuliko zinazorudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tawi la Miami lilikwenda kinyume: noti zilizorudi zilizidi zilizotoka, na ziada hiyo ikafika karibu dola bilioni 5 kwa mwaka. Takwimu hiyo haikuwa siri. Ilikuwa kwenye vitabu vya benki kuu yenyewe, na ilitosha kumwambia mtu yeyote mwenye akili ya hesabu kwamba katika mji huu kuna biashara kubwa kuliko utalii, uvuvi na ujenzi, na haimo kwenye leja ya mtu. Tangu 1970 sheria iliwataka wenye benki watoe taarifa kwa kila pesa taslimu inayozidi dola 10,000. Kuna waliozitoa fomu zikaishia makabatini bila kusomwa. Wengine hawakuzitoa kabisa. Isaac Kattan, mtu wa kubadilisha fedha aliyekamatwa mwaka 1981, alikuwa akipeleka noti benki kwa maboksi. Mwaka 1983 mhasibu aitwaye Ramón Milian Rodríguez alikamatwa akiwa kwenye ndege ya binafsi, safari ya Panama, na zaidi ya dola milioni 5 taslimu ndani yake.

Serikali ilianza kuifuata pesa mwaka 1980 kwa operesheni iliyoitwa Greenback, ikiunganisha watu wa kodi, wa forodha na waendesha mashtaka. Wenye mzigo wakageuza mbinu: wakawatuma vijana wengi, kila mmoja na pesa isiyofika dola 10,000, wazunguke benki kutwa nzima. Ikabidi ije sheria ya 1986, ambayo kwa mara ya kwanza iliufanya utakatishaji wa fedha kuwa kosa linalojitegemea, na ikapiga marufuku ujanja wa kuzikatakata pesa ili kukwepa taarifa. Tazama umbali wa miaka: tangu noti zianze kufurika hadi sheria ipatikane ulipita karibu muongo mzima, tena katika nchi yenye benki kuu imara, mahakama zenye nguvu na magazeti makali.

Sasa pesa ile ilifanya nini mjini? Jibu la haraka ni kwamba ilinunua: nyumba, viwanja, boti, magari, saa za dhahabu, mawakili. Mwenye kuuza alifurahi. Wakati Marekani nzima ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Miami ilikuwa inaajiri mafundi. Hapa ndipo mzee wa kijiweni husema, "Unaona sasa?"

Ninachokiona ni hiki. Mtu anayetakatisha pesa hafungui mgahawa ili apate faida. Anaufungua ili apate stakabadhi. Anaweza kuuza chakula chini ya gharama mwaka mzima, kwa sababu mauzo ya uongo anayoyaandika kitabuni ndiyo bidhaa yake halisi. Jirani yake mwenye mgahawa wa kweli, aliyekopa, anayelipa kodi na mishahara, hawezi kushindana naye. Atafunga. Ndivyo ilivyo kwa nyumba pia: anayelipa taslimu bila kupatana bei huisukuma bei juu hadi mwalimu na muuguzi wanahamishwa mjini kwao bila kufukuzwa na mtu. Pesa ya namna hii haiongezwi juu ya uchumi uliopo. Inasukuma nje sehemu ya uchumi halali na kukalia nafasi yake.

Lete jambo hili Kigoma. Fikiria mtu ananunua boti tano za kubeba abiria na mizigo kwenda Kalemie na Uvira, ng'ambo ya Kongo, anashusha nauli hadi nusu, na anaweza kubeba hasara hiyo kwa miaka miwili. Wenye boti wa Kibirizi, bandari yetu ya boti za mbao, waliojenga biashara zao kwa kuuza dagaa na mawese, mkopo juu ya mkopo, watadumu miezi mingapi? Wakishaondoka, nauli itapangwa na nani? Na siku mwenye boti tano akikamatwa, au akihama kwa sababu njia ya mzigo imehama, nani atawavusha watu wa vijiji vya ziwani kama Kalya na Buhingu? Anayesema mji utanufaika anahesabu boti tano zilizoingia. Hahesabu kumi zilizotoka.

Kuhusu maghorofa yenyewe, Miami ilikuwa na nguzo zake kabla ya unga. Wacuba waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1959 walishajenga biashara na benki zinazosema Kihispania. Wenye mali wa Venezuela, Argentina na Colombia walikuwa wakificha akiba zao pale, mbali na mfumuko wa bei wa kwao. Uwanja wa ndege na bandari viliuunganisha mji na Amerika ya Kusini yote. Mwaka 1982 mgogoro wa madeni ulipozipiga nchi hizo, wafanyabiashara wa Miami waliyumba vibaya, ilhali kokeini ilizidi kumiminika. Kama unga ungekuwa ndio uti wa mgongo, mji usingeyumba. Kokeini ilikuta mji unaofanya kazi, ikajichimbia ndani yake kama mchwa ndani ya nguzo nzima. Hakuna awezaye leo kusimama Brickell, mtaa wa mabenki na maghorofa wa Miami, akaonyesha ghorofa lipi ni la dhahabu, lipi la kahawa, lipi la unga, na kutojulikana huko ndiko hasa wenye pesa walikokulipia.

Gharama nyingine ililipwa na taasisi, na sehemu hii wazee wetu huwa hawaitaji. Baada ya ghasia na mauaji ya 1980, idara ya polisi ya Miami iliajiri mamia ya askari wapya kwa haraka, na uchunguzi wa tabia na historia zao ukalegezwa ili nafasi zijazwe. Usiku mmoja wa Julai 1985 kundi la askari lilivamia boti iliyokuwa ikishusha kokeini kwenye mto wa Miami. Hawakwenda kukamata, walikwenda kuiba. Wanaume watatu waliokuwa kwenye boti waliruka majini kwa hofu wakafa maji, na mzigo wa mamia ya kilo ukauzwa na askari wenyewe. Kesi zilipofunguliwa zilisomba makumi ya askari. Hawa hawakuzaliwa wezi. Waliwekwa kwenye doria ambapo mkoba mmoja uliokamatwa ulikuwa na thamani ya mshahara wa maisha, wakiwa na mafunzo ya mkato na wakubwa waliozidiwa.

Mahakama nayo haikusalimika. Willie Falcon na Sal Magluta, marafiki wa tangu shule na washindani maarufu wa mbio za boti, walishtakiwa mwaka 1991 kwa kuingiza tani 75 za kokeini. Mwaka 1996 waliachiwa huru. Baadaye ikathibitika kwamba kiongozi wa raia wale 12 wanaosikiliza kesi na kuamua alikuwa amehongwa. Hebu fikiri: serikali yenye nguvu kuliko zote duniani, kesi ya miaka mitano, na pesa ya unga ikafika hadi kwenye chumba cha uamuzi.

Kuna kijiji kimoja ambacho naona kinatuhusu sisi kuliko Miami yenyewe. Kinaitwa Everglades City, kiko upande wa magharibi wa rasi ya Florida, na enzi hizo kilikuwa na watu kama 500, karibu wote wavuvi wa kaa na samaki. Mbele yake kuna visiwa vidogo vya mikoko vingi mno, na mgeni akiingia humo usiku hatoki. Wavuvi wa kijiji walivijua kama viganja vyao. Serikali ilikuwa ikiubana uvuvi wa biashara ndani ya hifadhi ya taifa inayokizunguka kijiji, hadi mwisho wa 1985 ukapigwa marufuku kabisa. Wakati uvuvi unabanwa, wakaja watu wenye mzigo wa bangi na ombi moja jepesi: tuvushe boti zetu usiku, tutakulipa kwa usiku mmoja unachokipata kwa mwaka. Baba akakubali, mwana akakubali, shemeji akakubali. Julai 1983, alfajiri, maofisa wa serikali kuu waliifunga barabara pekee ya kuingia kijijini wakakamata wanaume nyumba kwa nyumba. Operesheni zikarudi tena baadaye, na familia nyingi zikabaki na baba gerezani.

Najiuliza hivi: kwa nini mzigo uliwafuata wavuvi? Kwa sababu mvuvi ana boti, anajua maji, hufanya kazi usiku, na hakuna anayemshangaa akirudi alfajiri. Yote hayo yapo Katonga, Kalalangabo, Mtanga, Ilagala na Sigunga. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mvuvi anapumzika. Ziwa letu lina urefu wa kilomita zipatazo 670, linagusa nchi nne, na mtu mwenye injini nzuri analala Tanzania anaamka Kongo. Katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa zima ili samaki wazaliane. Uamuzi ule naukubali, kwa kuwa mavuno yalikuwa yameshuka na kila mvuvi mkweli alikuwa anajua. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mtu mwenye watoto shuleni na mkopo wa injini. Mpango wa kupumzisha ziwa usipokuwa na mpango wa kumlisha mvuvi, unamweka sokoni, na hatuwezi kujua ni nani atakayekuja kumnunua.

Nisieleweke vibaya: makala haya hayadai kwamba Kibirizi kunapita kokeini. Unga unaoitesa nchi yetu zaidi ni heroini, na mlango wake mkuu ni bahari: mwaka 2012 zilikamatwa kilo 210 huko Lindi, na Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Itazame hiyo Iringa. Haina bahari. Mzigo ukishavuka ufukwe, bara nayo ni njia.

Na njia zetu si ngeni kwa biashara chafu. Karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo cha pembe za ndovu na cha watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na shanga zilitumika kama fedha pale sokoni. Biashara ile ilitajirisha watu wachache wenye bunduki na misafara, ikawavunja Wamanyema, Waha na wengine waliotembezwa hadi pwani. Ilipokoma, reli ilipofika mwaka 1914 ikaishia Kigoma, Ujiji ilibaki na watu wake, dini yake na lugha yake. Utajiri wa pembe ulikuwa umeshakwenda Unguja na mbele zaidi. Karibu na zama zetu, mwaka 2009, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakichunguza vita vya mashariki ya Kongo waliitaja Kigoma katika mtandao wa kuvusha silaha na dhahabu kwa ajili ya waasi wa FDLR. Pembe, watu, silaha, dhahabu. Bandari bubu hazichagui bidhaa. Anayepitisha sukari na vitenge bila ushuru leo ameshafungua njia ambayo kesho mtu mwingine ataikodi kwa bei kubwa zaidi, kama vile bangi ilivyoifungulia kokeini Florida.

Wenzangu wa kijiweni wakitaka mfano wa kupima ndoto yao, wasitazame Miami. Watazame Guinea-Bissau. Nchi ndogo ya wakulima wa korosho, yenye visiwa vingi na askari wasiolipwa vizuri. Katikati ya miaka ya 2000 wafanyabiashara wa Amerika ya Kusini waliifanya kituo cha kupeleka kokeini Ulaya. Mwaka 2006 polisi walikamata zaidi ya kilo 600, zikahifadhiwa kwenye hazina ya serikali, zikapotelea humohumo. Machi 2009 mkuu wa majeshi aliuawa kwa bomu, na saa chache baadaye rais João Bernardo Vieira naye akauawa. Aprili 2012 jeshi likapindua serikali katikati ya uchaguzi. Mwaka 2013 aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini, José Américo Bubo Na Tchuto, alinaswa baharini na maofisa wa Marekani, akakiri kosa mahakamani New York. Maghorofa yako wapi? Bissau haikupata Brickell yake. Pesa ilipita juu ya vichwa vya watu ikaenda kulala kwenye benki za miji mikubwa, kwa sababu pesa chafu hutafuta mahali penye biashara nyingi halali za kujificha. Kwenye mji mdogo wenye benki chache na viwanja vichache haina pa kujificha, kwa hiyo haikai. Inaacha bunduki, mateja, na maofisa walioonja.

Kigoma ikiteleza itafanana na Bissau. Na hata Miami, yenye ukubwa wote ule, iliachwa. Januari 1982 serikali ya Rais Reagan iliunda kikosi maalumu cha kusini mwa Florida chini ya makamu wa rais George Bush, na ulinzi wa bahari na anga ukaongezwa. Wafanyabiashara wa Colombia hawakupigania Miami hata kidogo. Taratibu walihamishia mzigo wao kwa washirika wa Mexico, wakavusha kwa nchi kavu. Vita vikahamia huko, ambako havijaisha hadi leo. Wale waliokuwa wameacha kazi zao Florida kwa ajili ya boti za usiku hawakupewa kiinua mgongo.

Tunayoweza kuyafanya sisi hayahitaji kikosi maalumu. Dhahabu imetufundisha jambo moja. Mwaka 2019 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakafunguliwa, dhahabu nyingi iliyokuwa ikipita njia za panya ilijitokeza mezani, kwa kuwa njia ya halali ilikuwa sasa inalipa. Biashara ya ziwani inastahili fikra hiyohiyo. Mama anayevusha magunia matatu ya dagaa kwenda Kongo akikuta vibali vinapatikana Kibirizi kwa saa moja na kwa ada anayoimudu, hatakwenda bandari bubu. Watakaobaki bandari bubu watakuwa wale tu wenye cha kuficha, na doria itajua pa kutazama. Leo wote wamechanganyika gizani, mwenye dagaa na mwenye bunduki, na askari anapambana na mama wa dagaa kwa sababu ndiye asiyekimbia.

Halafu pesa. Vita vyetu vya dawa za kulevya vimezoea kumkamata teja wa stendi na kijana mwenye misokoto. Hao ni wa mwisho kwenye mnyororo, na ukiwakamata wote bei ya kiwanja haibadiliki. Tanzania ina sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha tangu 2006. Oktoba 2022 tuliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazotazamwa kwa karibu, ya kikosi cha kimataifa kinachofuatilia fedha haramu, na Juni 2025 tukaondolewa baada ya kazi kubwa iliyofanyika Dodoma na Dar es Salaam. Kazi iliyobaki iko ngazi ya chini: wakala wa miamala, duka la kubadilisha fedha, dalali wa viwanja, mwenyekiti wa mtaa anayegonga mhuri wa mauziano. Hawa ndio wanaoona noti kabla ya mtu mwingine yeyote, na hawa ndio ambao hakuna anayewafundisha kuuliza wala anayewalinda wakiuliza.

Ardhi naihofia kuliko yote. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kila mtu anajua kwamba viwanja vya karibu na stesheni, bandari na bandari kavu ya Katosho vitapanda bei. Ni mahali pazuri mno pa kulaza pesa isiyo na jina. Miami ilingoja hadi Januari 2016 ndipo wizara ya fedha ya Marekani ikaagiza kwamba anayenunua nyumba ya dola milioni moja na zaidi taslimu, kwa jina la kampuni, atajwe ni nani hasa aliye nyuma ya kampuni hiyo. Ni miaka 35 baada ya lori la jokofu kuegeshwa nje ya mochwari, na wauzaji wa nyumba wa huko bado walilalamika kwamba swali hilo litafukuza wateja. Manispaa ya Kigoma Ujiji inaweza kuliuliza swali hilo mwaka huu, kwenye fomu ileile ya uhamisho wa kiwanja: jina la mnunuzi halisi, na pesa imetoka wapi.